Shilingi: Asili na Maana ya Jina Lake

Mwanachama wa Haydom aliyekwisha kupimiwa mahindi yake chamani husema anangojea hela, pesa au fedha. Hata hivyo, stakabadhi yake huandikwa shilingi. Majina hayo manne yana asili mbalimbali.

Fedha ni neno la Kiarabu, nalo ni jina la madini meupe yenye thamani. Pesa lilitoka Bara Hindi pamoja na rupia, ambayo maana yake ni fedha iliyofuliwa. Rupia ya Wajerumani ilikuwa na pesa 64, hata mwaka 1904 ilipogawanywa kuwa heller 100. Ndiko lilikotoka neno hela. Heller nayo iliitwa kwa jina la mji wa Hall, Ujerumani, ilikofuliwa zamani.

Shilingi ni neno la kale la Waingereza. Ililetwa Tanganyika mwaka 1921, ikiwa na senti 100, na robo ya sarafu yake ilikuwa madini ya fedha. Sarafu za mwaka 1948 hazikuwa nayo tena. Mwaka 1966 Benki Kuu ilifunguliwa, ikatoa shilingi ya Tanzania.

Basi jina limebaki, madini yamekwisha; kinachoipa shilingi nguvu ni uaminifu wa mwenye kuitoa. Stakabadhi ya chama ni vivyo hivyo: pasipo uaminifu ni karatasi tu. Yampasa katibu aandike kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kisha amsomee mwanachama kabla hajaondoka.