Pijo Zinazokula Pijo

Aliyewahi kusafiri kati ya Nairobi na Kisumu kwa Peugeot 504 stesheniwagoni hasahau kiti cha nyuma kabisa: magoti yamekaribia kidevu, mizigo imefungwa kamba juu ya keria, na kule mbele dereva anabadilisha gia kwa kirungu kilichochomoza kwenye shingo ya usukani. Watu waliiita Pijo. Siku hizi unaweza kuimaliza safari hiyo bila kupishana na hata moja.

Ilizinduliwa Ufaransa 1968, na mwaka uliofuata ikatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu jina lilikuwa limeshajengwa na kaka yake, 404, aliyeshinda Safari Rally mara nne, mbili kati ya hizo (1966 na 1967) Bert Shankland wa Tanzania akiwa dereva. 504 yenyewe ikashinda 1975 na Ove Andersson, halafu 1978 na Jean-Pierre Nicolas.

Lakini kilichoipendekeza kwa wenye matatu si vikombe. Stesheniwagoni ilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande, kwa hiyo ilijazwa watu na magunia na bado ikapita mashimo bila kusaga matako barabarani. Ufaransa ilipoacha kuunda saluni zake 1983, Mombasa na Kaduna, Nigeria, ziliendelea kuziunganisha kwa miaka mingi.

Kisha zikaja Nissan za abiria 14, mara mbili ya ile stesheniwagoni. Zikaja pia saluni zilizotumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, hivyo Pijo inayokufa haipati Pijo nyingine ya kuirithi kutoka nje.

Hapo ndipo sifa yake kuu inapoigeukia. Pijo hutengenezeka. Fundi wa jua kali huchonga bushi kutoka tairi kuukuu, hukata gasketi kwa mkasi, hufufua kabureta juu ya kipande cha gazeti. Kioo cha mbele, hata hivyo, hakichongwi. Wala zile taa zake za pembe, macho ya kurembua yaliyoitambulisha toka mbali. Mwenye gari akivunja taa, haambiwi aende dukani. Anaambiwa atafute iliyokufa. Difu ya moja huingia kwenye nyingine, mlango wa bluu hufungwa kwenye bodi nyeupe, na mbili mbovu huzaa moja nzima. Hesabu hiyo huenda upande mmoja tu.

Zilizojitahidi zaidi ni pikapu, labda kwa sababu hakuna anayezionea aibu. Bado moja moja huibuka siku ya soko, imelemewa kabichi, bamba la mbele limeshikwa kwa waya, jicho moja likiwa safi kama jipya na la pili limefifia kwa ukungu, kila moja limetoka kwa marehemu wake.