Kimea, Chungu na Mrija: Uundaji wa Busaa Miongoni mwa Wabukusu

Mintarafu ya vileo vya jadi, Kiswahili cha Kenya hakijawa na uangalifu wa kutosha. Istilahi "pombe haramu" hubandikwa chang'aa na busaa sawia, ilhali viwili hivi havilingani hata kidogo. Chang'aa hukenekwa, yaani mvuke wake hukusanywa na kupozwa hadi ukawa kinywaji kikali mno. Busaa huchachishwa tu, na ukali wake haupiti sana ule wa bia.

Katika maboma ya Wabukusu, Bungoma na viungani mwa Kitale, kazi hii aghalabu ni ya wanawake. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji machache na kufunikwa kwa siku kadhaa hadi uwe mchachu. Kisha hukaangwa juu ya bati pana, ukigeuzwageuzwa hadi uwe na rangi ya kahawia, halafu huanikwa juani. Moto huo huupa unga harufu yake na kuviua vijidudu vilivyouchachua. Mahindi yenyewe ni mgeni hapa; zamani nafaka za pombe zilikuwa wimbi na mtama. Kitale, ilikoanzishwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya mwaka wa 1956, ni kitovu cha ukulima wa mahindi.

Hata hivyo, wimbi (Watanzania huliita ulezi) halijang'olewa katika hatua iliyo muhimu zaidi. Mtengenezaji wa mvinyo wa Riesling huko Mosel, Ujerumani, ana nafuu moja: zabibu huja na sukari yake. Nafaka ina wanga, na hamira haiwezi kuula wanga. Ndipo punje za wimbi hulowekwa, zikafunikwa hadi zichipue, zikakaushwa na kusagwa. Punje inapochipua huzalisha vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Kiswahili kimelifumbata jambo hili lote katika nomino moja, kimea, iliyoundwa kutokana na kitenzi mea. Kimea kikichanganywa na unga uliokaangwa pamoja na maji, hamira za asili hukamilisha kazi kwa siku chache.

Wazee huizunguka busaa chunguni, ikaongezwa maji ya moto, nao wakaivuta kwa mirija mirefu yenye kichujio nchani. Mihuri ya kale ya Mesopotamia inaonyesha wanywaji wakiketi vivyo hivyo.

Chungu hicho kina kazi nyingine. Tohara ya Wabukusu hufanywa Agosti ya miaka shufwa, na siku chache kabla, katika kitendo kiitwacho khuchukhila, mtahiriwa humimina maji kwenye unga wa pombe ya sherehe yake.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilifuta marufuku ya chang'aa na kuviweka vileo hivi chini ya leseni. Lakini "haramu" imesalia midomoni na magazetini, na katika misako busaa ingali inamwagwa sambamba na chang'aa. Mama anayelipa karo kwa mauzo ya chungu kimoja hutajwa kwa jina lile lile la mpishi wa chang'aa iliyotiwa kemikali.