Fahamu: Ramani ya mtandaoni ya visukuku

Ni nini?
PBDB Navigator ni ramani ya bure mtandaoni inayoonyesha mahali visukuku vilipopatikana duniani. Data zake hutoka Paleobiology Database, hazina iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo wanasayansi huijaza kutokana na machapisho ya kitaalamu.

Inavyofanya kazi
Rangi ya kila nukta huonyesha umri wa miamba. Mtumiaji huchuja kwa kipindi au kundi la viumbe. Kivutio hasa ni kuyarudisha mabara yalikokuwa zamani: Tendaguru, mkoani Lindi, maarufu kwa dinosaria wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, husogea kusini, ndani ya bara kuu la Gondwana.

Tahadhari
Eneo tupu halithibitishi kwamba viumbe hawakuwapo. Pengine hakuna aliyechimba.