Gari Kuukuu Lizimikalo Njiani: Tupime Kabla ya Kununua



Msimu wa karafuu hauna subira. Karafuu mbichi zikilala guniani kwa kukosa chombo cha kuzichukua, huvunda na rangi yake huharibika kabla hazijaliona jua. Kwa sababu hiyo tumeonelea tuzungumze juu ya maradhi yanayowasumbua wengi wenye magari ya zamani, nayo ni umeme unaokatika kisha ukarudi wenyewe.

Shida hii si ya visiwani peke yake. Tuwatazame wakulima wenzetu wa kahawa huko Kimwani, katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Nao ni watu wa ushirika kama sisi. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba kilianzishwa mwaka 1950. Gari la kule hupita njia za vumbi jekundu kutoka vijijini mpaka kuikuta barabara kuu iendayo Muleba na Bukoba, na mvua za pande za ziwa ni nyingi. Mtikiso hulegeza viungo vya nyaya, vumbi huingia, maji hufuata. Kwetu sisi mharibifu ni hewa ya chumvi, ambayo huila shaba ndani ya mpira wake hata ikawa kijani, na kwa nje waya ukaonekana mzima.

Tuseme basi mkulima wa Kimwani ana pikapu kuukuu, ya zama za pointi na koili. Asubuhi inawaka vizuri. Ikisha kwenda mwendo wa saa moja na kushika mlima, inazimika. Akingoja nusu saa, inawaka kama kwamba haikuwa na neno. Akifika kwa fundi, gari ni zima. Fundi anasema ni betri, inanunuliwa mpya. Wiki ya pili gari linazimika tena, anasema ni alteneta, nayo inanunuliwa. Fedha ya magunia kadha wa kadha imekwenda, na ugonjwa uko palepale.

Ubaya wa matibabu hayo ni kwamba hakuna aliyeuliza ugonjwa huja wakati gani. Dalili ya mvua ni mawingu, na hitilafu ya kuja na kwenda haikosi sharti lake: ama joto, ama mtikiso, ama maji. Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni daftari. Kila gari linapozimika, dereva aandike: limekwenda muda gani, kulikuwa na mvua au jua, lilizimika kwa ghafla au kwa kukwamakwama, na taa na honi zilikuwa zikifanya kazi au hapana.

Jibu la swali hilo la mwisho hugawa kazi mafungu matatu. Ikiwa kila kitu kimekufa pamoja, tazama shina: vichwa vya betri, vibano vyake, na waya mnene unaofunga betri kwenye mwili wa gari na injini. Ikiwa injini tu imezimika na taa zinawaka, tazama swichi ya ufunguo, koili, kondensa na pointi. Ikiwa ni taa moja tu, tazama waya wake na mahali ulipofungwa kwenye bodi. Wala tusisahau petroli, kwani gari likikosa mafuta wakati wa joto huzimika vilevile.

Gari la mfano wetu linazimika likipata joto. Hapa iko njia nyepesi ya kumkamata mwizi akiwa kazini. Chukua taa ndogo ya volti 12. Waya mmoja, wenye fyuzi ndogo, ufunge pale umeme wa swichi unapoingia kwenye koili. Wa pili ufunge kwenye bodi. Taa iwekwe mbele ya dereva. Gari likizimika na taa ikazimika nayo, umeme haufiki kwenye koili: rudi nyuma mpaka kwenye swichi. Taa ikibaki inawaka, umeme unafika, na hitilafu iko kwenye koili au mbele yake. Koili mbovu aghalabu hukatika ndani ikipata moto, na ikipoa hushikana tena.

Kwa betri tumia mita. Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6, injini ikiunguruma na alteneta ikichaji, kama 13.8 hadi 14.5. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha betri, si kwenye kibano, upande uliofungwa kwenye bodi, na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya ule au viungo vyake vinazuia umeme. Fungua, sugua mpaka chuma king'are, kaza, kisha paka grisi. Kazi hiyo haina gharama ila sandpepa na jasho.

Tahadhari tatu. Kwanza, magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya sasa. Hakikisha kabla ya kugusa. Pili, ukifungua betri anza na upande wa bodi, na ukifunga umalizie nao. Tatu, usifunge karatasi ya sigara wala kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ukiizuia, utaliunguza gari pamoja na karafuu zake.

Basi, mwanachama, fundi akikwambia nunua, mwambie kwa adabu: "Nionyeshe kwanza kwenye mita." Fundi hodari hatachukia. Na ukienda kwake, nenda na daftari lako.

Wassalaam,
Katibu wa Chama