Wakongwe wa PS2: Zamani ulinunua gemu, siku hizi unaikodi

Simiyu. Litaje jina la Adriano kwa kijana wa miaka 17 pale Kiloleli, uwezekano mkubwa atakuuliza, Adriano yupi? Litaje kwa kaka yake mwenye miaka 35, aliyekua na padi ya PlayStation 2 mkononi, hapo umewasha moto. Utasimuliwa habari za mguu wa kushoto, mpira unaotoka karibu na katikati ya uwanja na kipa aliyebaki ameduwaa.

Huyo ni Adriano wa PES 6, gemu ya Konami ya mwaka 2006, ambamo straika huyo wa Inter Milan alipewa nguvu ya shuti 99, kiwango cha juu kabisa. Mabanda ya enzi hizo aliyechukua Inter alionekana mwoga, na kuna watu walikuwa hawakubali kuanza mechi mpaka ubadilishe timu.

Gemu za soka za leo ni nzuri kwa macho. Jasho linaonekana, jezi inachezacheza kwa upepo, na sura ya mchezaji unaitambua kabla hujaona jina. Lakini ukikaa na wakongwe utasikia lalamiko moja lenye sura nyingi: picha zimepanda, gemu imeshuka. Je, ni kweli, au ni umri tu unaongea?

Anayefungwa anaamka

Simiyu ni mkoa uliozaliwa rasmi mwaka 2012, na kaya nyingi huko zinategemea pamba, mifugo na mazao ya chakula. Kuwa na PlayStation yako nyumbani ilikuwa anasa. Kwa hiyo gemu, kama ilivyokuwa kwenye senta nyingi za Kanda ya Ziwa, ilikuwa ni kitu cha banda: televisheni ya kichogo, mashine moja au mbili, benchi la mbao na sarafu mkononi. Pamba ikiuzwa, foleni inarefuka. Fedha ikikata, watu wanakaa kutazama tu wenzao, na nako kutazama kulikuwa na raha yake.

Sheria ilikuwa moja na haikuandikwa popote. Anayefungwa anaamka, mshindi anabaki. Hakuna bando, hakuna seva, hakuna nywila. Ukipigwa tano unapigwa mbele za watu, na kesho kisimani au mnadani utakumbushwa. Ndiyo maana watu walijifunza kukaba, kuvuta muda na kupiga ile pasi ya upenyo ya kitufe cha pembetatu. Kupoteza kulikuwa na gharama.

Mashine yenyewe ilisaidia. PS2 ilitoka Japan Machi 2000 na hadi inastaafu iliuzwa zaidi ya milioni 155, rekodi kwa mashine za gemu za kuunganishwa kwenye televisheni. Marekani ilianza kwa dola 299 mwaka 2000, ikashuka hadi dola 199 mwaka 2002, na mwaka 2009 ikawa dola 99. Bei ikishuka huko, mashine zilizotumika zinamwagika huku. Hivyo ndivyo zilivyofika hadi kwenye senta zenye barabara ya vumbi.

Sasa tazama PS5. Mwaka 2020 yenye sehemu ya diski iliingia sokoni kwa dola 499 huko Marekani. Kwa mazoea ya zamani, miaka mitano baadaye ingekuwa imeshashuka. Badala yake, Agosti 2025 Sony iliipandisha hadi dola 549. Mwenye banda anayesubiri bei ipoe atasubiri sana.

Castolo alipandishwa kwa jasho

Ukitaka kuelewa hasira ya wakongwe, anza na Master League ya PES. Ulikuwa unakabidhiwa timu ya watu wasiojulikana: kipa Ivarov, kiungo Minanda, straika Castolo, pamoja na akina Ximelez na Espimas. Hawa hawakuwahi kuwepo duniani. Walibuniwa na Konami, walikuwa wazito, na mechi za mwanzo ulikuwa unakula kichapo.

Lakini ukishinda unapata pointi. Pointi hizo ndizo zilizokuwa fedha ya usajili. Ulicheza msimu mzima ili umlete mchezaji mmoja wa maana, na siku anasaini ulijua umemtolea jasho. Wapo waliogoma kumuuza Castolo hata baada ya kupata mastaa, kwa sababu wametoka naye mbali.

Hata ukosefu wa leseni haukuua raha. Manchester United iliwahi kuitwa Man Red, Liverpool ikaitwa Merseyside Red na Chelsea ikawa London FC. Watu walicheka, wakacheza. Uwanjani mpira ulikuwa unatembea kama mpira, na hilo ndilo lililowafanya mashabiki wa PES wawatambie wenzao wa FIFA, gemu ya EA iliyoanza mwaka 1993, yenye majina halisi na jezi halisi.

Mkeka ndani ya gemu

Mwaka 2009 EA ilileta Ultimate Team kwenye FIFA 09. Wazo lilikuwa tamu: unajenga kikosi chako kwa kadi za wachezaji. Kadi zinapatikana kwenye pakiti, na pakiti unaweza kuilipia kwa sarafu ulizochuma kwa kucheza au kwa pointi zilizonunuliwa kwa fedha halisi. Ukifungua unaweza kumkuta staa, au ukakuta mabeki watatu usiowahitaji.

Shabiki wa soka wa Tanzania hahitaji maelezo marefu hapo. Huo ni mkeka. Tofauti ni kwamba mkeka ukichanika unajua umeliwa na kampuni ya kubeti, na sheria inataka anayeucheza awe ametimiza miaka 18. FIFA 23, iliyokuwa na pakiti hizo, ilipewa alama ya PEGI 3 barani Ulaya, yaani kwa maudhui yake inamfaa hata mtoto wa miaka mitatu.

Ubelgiji ilistuka mapema. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya nchi hiyo ilisema visanduku vya namna hiyo vinavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA huko. Uholanzi nayo iliipiga EA faini ya euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta, ikisema pakiti ni sehemu ya mchezo wa ujuzi na siyo kamari inayojitegemea. Kwa hiyo kisheria ngoma bado ni droo.

Kifedha siyo droo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Ultimate Team za EA ziliingiza dola bilioni 1.62, zaidi ya robo ya mapato yote ya kampuni. Ukiona kitu kinaleta mkwanja huo, usishangae kwa nini hali ya ukocha haipewi uzito uleule.

Na kuna jambo linalowauma wakongwe kuliko yote. Likitoka toleo jipya la EA, kikosi ulichokijenga hakihami nacho. Unaanza sifuri. Castolo alikaa kwenye memori kadi yako mpaka kadi yenyewe ife.

Kuna pia ile imani ya gemu kupangwa, kwamba ukiongoza mbili, ghafla mabeki wako wanakuwa miti. Mwaka 2020 wachezaji wa California walifungua kesi wakidai EA inatumia teknolojia ya kubadilisha ugumu wa mechi kimyakimya. EA ilikanusha, ikatoa maelezo ya kitaalamu, na mwaka 2021 waliofungua kesi wakaiondoa. Lakini ingia banda lolote useme gemu haipangwi, uone utakavyozomewa.

PES ilivyojifunga

Wakongwe wa PES wana kidonda chao. Mwaka 2021 Konami ililizika jina la PES, ikaleta eFootball, gemu ya bure. Ilitoka Septemba 30 mwaka huo ikiwa na timu chache, bila Master League, na sura za wachezaji zilizogeuka kichekesho dunia nzima. Kwenye duka la Steam iliangukia miongoni mwa gemu zilizopondwa zaidi na watumiaji, na Konami ikaomba radhi. Imerekebishwa sana baadaye, lakini imani ikishapotea hairudi kwa apdeti.

Upande wa pili, EA na FIFA walitangaza talaka Mei 2022. FIFA 23 ikawa ya mwisho kwa jina hilo na mwaka 2023 ikaja EA Sports FC 24. Wakati huohuo EA iliyaondoa matoleo ya zamani ya FIFA kwenye maduka ya mtandaoni. Ambaye hakununua mapema, basi. Mwenye diski yake anaendelea kuchezea.

Hapo ndipo neno kukodi linapopata maana. Gemu ya kupakua unapewa ruhusa ya kuitumia, na siku seva ikizimwa, hali zinazotegemea mtandao zinakufa nayo. Ubisoft ya Ufaransa ilipoizima gemu yake ya magari The Crew mwaka 2024, hata aliyeilipia hakuweza kuiwasha tena. Ulaya kampeni ya kupinga mtindo huo ilipita saini milioni moja mwaka 2025.

Kwa Kiloleli suala hilo ni zito zaidi. FC 24 kwenye kompyuta inahitaji nafasi ya GB 100. CD ya PlayStation ya kwanza haikufika hata GB moja. Mwenye banda anayetegemea bando la simu akiipakua gemu moja tu, hesabu ya mwezi imeharibika kabla mteja wa kwanza hajakaa.

Na mbele kuna mtihani mwingine. Septemba 2025 EA ilitangaza makubaliano ya kununuliwa kwa dola bilioni 55 na kundi linaloongozwa na mfuko wa PIF wa Saudi Arabia, haohao wamiliki wa Newcastle United. Katika fedha hizo, dola bilioni 20 ni mkopo. Mashabiki wa Manchester United wanajua klabu ikinunuliwa kwa mkopo nani hulipa. Hofu ya wachezaji wa gemu ni kwamba deni litalipwa kwa pakiti.

Wakongwe nao wana lao

Hata hivyo, haki itendeke. Sehemu kubwa ya CD za PS2 zilizozunguka Afrika Mashariki zilikuwa za kuchoma, kwenye mashine zilizochipuliwa. Waliokuwa wanacheza nakala hizo walichangia sarafu kwa mwenye banda, siyo kwa walioitengeneza gemu. Anayelia leo kwamba gemu si mali yake, akumbuke kwamba na ile ya zamani wengi hatukuilipia, kama wanavyokiri wenyewe wakishacheka.

Pia zamani haikuwa ya wote. Banda lilikuwa la wavulana, na msichana aliyeingia alitazamwa kama amepotea njia. FIFA ilisubiri hadi FIFA 16, mwaka 2015, kuingiza timu 12 za taifa za wanawake. FIFA 23 ikamweka Sam Kerr kwenye jalada la dunia pamoja na Kylian Mbappé. Hayo ni maendeleo, na yameletwa na enzi hii inayolaumiwa.

Na eFootball, pamoja na aibu yake, ipo bure kwenye simu. Kijana wa Kiloleli mwenye simu ya kawaida anaweza kucheza bila kusubiri benchi na bila PS5. Kaka yake hakuwa na bahati hiyo.

Simba na Yanga zilivyoingia kwa mlango wa nyuma

Mbwana Samatta alikuwa Genk, kisha Januari 2020 akaenda Aston Villa, timu zilizomo kwenye FIFA. Mtanzania akawa anachezeka. Lakini Ligi Kuu Bara yenyewe haina nafasi kwenye gemu ya EA. Pamba Jiji, timu yenye jina la zao la Usukuma, ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya zaidi ya miaka 20, na shabiki wake wa Simiyu hana toleo rasmi la kuichezea.

Kilichotokea ni ubunifu wa mtaani. Mafundi wanachukua PES za zamani za PSP, wanabadilisha majina na jezi, wanaweka Simba na Yanga, kisha gemu inachezwa kwenye simu kupitia programu ya PPSSPP. Haina leseni, na wenye haki zao wangeweza kulalamika. Lakini haihitaji bando baada ya kuipakua, haiuzi pakiti, na faili lake linahama kutoka simu hadi simu pale pale kijiweni.

Humo ndimo hoja ya wakongwe inaposimama imara. Vijana hao hawakuishi enzi za Adriano, hawana kumbukumbu ya kuililia, na bado wanachagua gemu ya zamani iliyovalishwa jezi mpya. Wanachagua inayowaka bila mtandao, isiyowadai kila wiki, na yenye timu wanayoishangilia Jumamosi. Kampuni ikitaka kujua mashabiki wa huku wanataka nini, jibu tayari limo kwenye simu zao.