Kilio cha Usiku Si Siri ya Nyumba

Ndugu msomaji, huenda umepata kuamshwa usiku wa manane na kilio cha mama wa nyumba ya pili. Ulisikia kishindo, kisha watoto wakilia, nawe ukajifunika shuka ukisema, "Hayo ni mambo ya mtu na mkewe." Asubuhi mkakutana bombani, naye akakueleza kwamba alijikwaa. Ukampa pole, ukaenda zako.

Je, kweli hayo yalikuwa mambo ya watu wawili? Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, ilikwisha kulikata shauri hilo. Kifungu cha 66 chatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu.

Lakini mila ni ngumu kung'oka. Katika utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16, wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamepata kupigwa tangu walipofikia miaka 15. La kusikitisha zaidi, 58 katika kila 100 waliona ipo angalau sababu moja ya haki kwa mume kumpiga mkewe. Basi aumiaye amefundishwa kwamba anastahili.

Wengi huuliza: "Mbona haondoki?" Aghalabu hana nauli wala shamba. Mahari ililiwa zamani, na wazee wa kwao humrudisha wakimsihi avumilie. Baada ya kipigo huja radhi na kanga mpya, naye hutumaini kwamba yamekwisha. Wapo pia wanaume wanaopigwa, ambao aibu huwafunga midomo. Na watoto wanaoshuhudia hayo huumia, hata wasipoguswa.

Yakupasa kufanya nini, ndugu msomaji? Kwanza, mwamini. Usimwulize, "Ulimfanya nini?" Pili, akijeruhiwa vibaya, apelekwe hospitali bila kukawia. Polisi hutoa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza, nayo huwa ushahidi mahakamani. Katika vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, mahali pa kusikilizwa kwa faragha. Kwa mtoto anayeteswa, piga simu namba 116.

Afisa ustawi wa jamii naye ni wa kuendewa. Baraza la Usuluhishi wa Ndoa lina kazi yake ya kupatanisha, lakini jeraha ni kosa la jinai, wala halifutwi kwa kupeana mikono. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Akiamua kuondoka, itunze siri yake, kwani saa ya kuondoka ndiyo aghalabu yenye hatari kubwa. Mtunzie vyeti, nguo za watoto na nauli. Usimlazimishe kuondoka, wala usimchoke akirudi nyumbani. Mlango wako na ubaki wazi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Usiku kilio kitakaposikika tena, mwite balozi na majirani, mbishe hodi kwa pamoja. Huenda hodi hiyo ikaokoa roho.