Kukoroma si Mzaha: Kifaa cha Mdomoni kwa Wanaokatika Pumzi Usingizini

Wengi wetu hucheka mtu anapokoroma, au husema amelala usingizi mzuri. Lakini wapo wanaokoroma kwa nguvu, kisha hunyamaza ghafla kwa sekunde 10 au zaidi, halafu hushtuka wakitweta. Wengine husingizia jinamizi. Mara nyingi huu ni ugonjwa, nao una tiba.

Tatizo ni nini?
Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, ulimi na nyama laini za kooni hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Oksijeni hupungua, ubongo humshtua mlalaji avute pumzi, na asubuhi hakumbuki kitu. Pumzi ikikatika au kupungua mara 5 hadi 14 kwa saa, hali ni ndogo. Mara 15 hadi 29 ni ya wastani. Mara 30 na zaidi ni kali. Mgonjwa huamka na maumivu ya kichwa, husinzia mchana, na shinikizo la damu huweza kupanda. Hapa Bweri, mabasi huondoka stendi kwenda Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200. Dereva anayesinzia anahatarisha maisha ya wote aliowabeba.

Tiba zilizopo
Mwaka 1981 Dkt. Colin Sullivan wa Australia na wenzake walieleza mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisizibe. Hadi leo hiyo ndiyo tiba ya kwanza kwa hali kali. Hata hivyo, inahitaji umeme usiku kucha, na wengine hushindwa kuizoea.

Kifaa cha mdomoni hakihitaji umeme. Daktari wa meno huchukua alama za meno ya juu na ya chini, kisha hutengenezwa vibao viwili vya plastiki ngumu. Vikivaliwa usiku, hushikilia taya la chini likiwa mbele kidogo. Ulimi nao husogea mbele na njia ya hewa hupanuka. Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza kifaa hiki kwa watu wazima walioshindwa kutumia mashine au wanaopendelea tiba nyingine.

Tahadhari
Kifaa hiki kinahitaji meno ya kutosha na imara. Asiye na meno huweza kupewa aina nyingine inayoshikilia ulimi. Mate kutoka kwa wingi na maumivu ya taya asubuhi ni kawaida mwanzoni. Baada ya miaka, meno huweza kubadilika mkao. Kwa hiyo mgonjwa arudi kupimwa. Usinunue kifaa kabla ya kuonana na daktari: kinaweza kuondoa kelele huku pumzi zikiendelea kukatika.

Tufanye nini?
Shahidi wa kwanza ni mwenzi wa ndoa. Mfuatane kwa daktari, naye aeleze alichosikia usiku. Anzeni kituo cha afya, mkaombe rufaa kwenda hospitali kubwa, kama Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, au Bugando, Mwanza. Wakati huohuo, punguza uzito uliozidi, acha pombe, na lala kwa ubavu.

Kanisa linamhudumia mtu mzima: kimwili, kiroho na kiakili. Usingizi wa ndugu yetu nao umo katika huduma hiyo.